AL CAPONE: Bosi wa Chicago aliyeponzwa na kodi, akanyimwa dhamana

Leo naomba tuachane kidogo na siasa na mpira, twende Marekani ya miaka ya 1920, kwa yule jamaa ambaye wengi wetu tulimjua kwanza kwenye filamu kabla ya kumjua kwenye historia. Al Capone. Hadithi ya suti, sigara nene na bunduki kila mtu anayo. Ile ya makaratasi ndiyo watu wanairuka, na mimi naona ndiyo tamu zaidi: jinsi bosi aliyeitingisha Chicago alivyotoka mahakamani kwa dhamana mara ya kwanza, akatoka mara ya pili, halafu mara ya tatu mlango ukafungwa. Na kesi yenyewe haikuwa ya mauaji, ilikuwa KODI.

Tuanzie mwanzo. Alphonse Capone alizaliwa tarehe 17 Januari 1899 Brooklyn, New York. Baba yake Gabriele alikuwa kinyozi, mama yake aliitwa Teresa, wote wahamiaji kutoka kusini mwa Italia. Familia ya kawaida kabisa, watoto wengi, nyumba ya kupanga. Shule aliacha akiwa na miaka 14 baada ya kumpiga mwalimu. Mtaani akajiunga na magenge, baadaye akapata kibarua kwenye baa ya mhuni mmoja maarufu, Frankie Yale, kule Coney Island. Siku moja akamtolea binti wa watu maneno ya hovyo, bila kujua kaka wa binti amekaa pale pale. Kaka akamchana shavu la kushoto mara tatu. Ndiyo asili ya lile jina la Uso wa Kovu ambalo magazeti yalimpa na ambalo alilichukia maisha yake yote. Picha zake nyingi ukiziangalia vizuri utaona amegeuza upande wa kulia.

Desemba 1918 alimuoa Mae Coughlin, binti wa Kiairishi, wiki chache baada ya kupata mtoto wao wa pekee, wa kiume. Muda si mrefu akahamia Chicago kwa mwaliko wa Johnny Torrio, mzee wa dili aliyemfahamu toka Brooklyn. Na hapa bahati ikamdondokea. Tarehe 17 Januari 1920, siku ile ile anatimiza miaka 21, Marekani ikaanza kutekeleza marufuku ya pombe nchi nzima. Fikiria mwenyewe: mamilioni ya watu wana kiu, serikali imefunga viwanda na baa, na wewe una malori, una vijana, una polisi uliowaweka mfukoni. Torrio na Capone wakageuka wauza kiu wakubwa. Januari 1925 Torrio akapigwa risasi mbele ya nyumba yake, akapona, akaona isiwe tabu. Akamwachia kijana wake biashara yote. Capone alikuwa na miaka 26 tu!

Miaka iliyofuata sitaikalia sana, filamu zimeshaimaliza. Kulikuwa na vita vya magenge, uchaguzi wa kitongoji cha Cicero uliosimamiwa kwa bastola, na kaka yake Frank aliyeuawa na polisi siku ya uchaguzi huo huo, 1924. Kubwa kuliko yote ni tarehe 14 Februari 1929, siku ya Valentino, pale watu 7 walipopangwa ukutani kwenye gereji ya mtaa wa North Clark wakamiminiwa risasi. Kila mtu alimnyooshea kidole Capone. Yeye alikuwa Florida, kwenye jumba lake la kisiwa cha Palm. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani kwa mauaji yale.

Sasa shika hiyo Florida, maana ndipo dhamana ya kwanza inapoanzia.

Baraza la mashtaka la serikali kuu mjini Chicago lilimwita aje kutoa ushahidi Machi 1929. Jamaa hakutaka kwenda. Mawakili wake wakapeleka hati ya kiapo ya daktari ikisema mteja wao ameugua nimonia toka Januari mpaka mwishoni mwa Februari, na kwamba akisafirishwa kwenda kwenye baridi ya Chicago anaweza kufa. Kwa lugha yetu ni ED. Wangapi humu hamjawahi kuchonga ED kukwepa kazi au mtihani? Tatizo la ED ya Capone ni kwamba jamaa alikuwa maarufu kupita kiasi. Maafisa wa upelelezi walipokwenda Miami kuulizia, wakaambiwa mgonjwa alionekana kwenye mbio za farasi, alipanda ndege kwenda Bimini, na alikula meli mpaka Nassau, Bahamas. Mgonjwa wa nimonia huyo!

Akalazimika kwenda Chicago. Tarehe 20 Machi akatoa ushahidi, na tarehe 27 Machi, wakati anatoka mahakamani, maafisa wakamkamata mlangoni kwa kosa la kuidharau mahakama. Dhamana: dola 5,000. Kwa Capone hiyo ni hela ya kubadilishia mawazo. Akalipa, akaondoka zake.

Kwa wadogo zangu ambao hamjawahi kugusa mahakama (na Mungu awaepushie), dhamana sio faini wala sio adhabu. Ni rehani. Mahakama inakwambia, bado hujahukumiwa, kwa hiyo nenda nyumbani, lakini tuachie kitu au mtu kinachotuhakikishia utarudi siku ya kesi. Usiporudi, rehani imekwenda. Katiba ya Marekani toka 1791 imekataza dhamana ya kupindukia. Na kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba masharti ya dhamana hayajachongwa kwenye jiwe. Jaji anaweza kuyalegeza, kuyakaza au kuifuta kabisa kesi ikibadilika sura. Siku hizi ukisoma kesi za kodi za Marekani utakuta mtuhumiwa anaomba arudishiwe pasipoti akamuone mama yake mgonjwa, upande wa serikali unapinga, jaji anapima. Enzi za Capone mambo ya pasipoti na bangili za miguuni hayakuwepo. Kilichokuwepo ni hela, neno la mtu, na jaji mwenyewe anavyomuona huyo mtu.

Kwenye hilo la mwisho, Capone alikuwa ameshajiharibia na ile ED.

Mei 1929 akakamatwa Philadelphia na bastola, na ndani ya saa 16 tu alikuwa ameshahukumiwa mwaka mmoja. Akatumikia karibu miezi kumi, akatoka Machi 1930. Wakati yuko ndani, Washington walikuwa wameshabadilisha mbinu. Rais Herbert Hoover alitaka jamaa akamatwe kwa lolote lile. Kwenye pombe na mauaji mashahidi walikuwa wanakufa au wanapoteza kumbukumbu. Kodi ikaonekana ni njia isiyohitaji shahidi wa mauaji.

Msingi wa mbinu hiyo ulishawekwa 1927, kwenye kesi ya muuza pombe mwingine aitwaye Manly Sullivan. Huyu alijitetea kwamba hawezi kujaza fomu ya kodi kwa hela ya haramu, maana atakuwa anajishtaki mwenyewe. Ukifikiria, hoja ina mashiko, si ndiyo? Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hapana. Hela ni hela, halali au haramu, inadaiwa kodi, na fomu unajaza. Kuanzia siku hiyo kila jambazi tajiri aliyekuwa hapeleki fomu alikuwa tayari ana kosa, hata kama hajui.

Kitengo cha upelelezi cha idara ya kodi chini ya Elmer Irey kikampa kazi afisa mmoja mkimya, Frank Wilson. Watu wanamtaja sana Eliot Ness kwa sababu ya filamu, lakini Ness alikuwa upande wa kuvunja viwanda vya pombe. Aliyemfunga Capone ni Wilson na lundo lake la karatasi. Capone hakuwa na akaunti ya benki. Hakusaini kitu. Jumba la Florida lilinunuliwa 1928 kwa dola 40,000, na lilikuwa kwa jina la mke wake. Kwenye makaratasi jamaa alikuwa hana kitu. Wilson akageuza swali: kama hana kipato, anatumia nini? Akafuatilia suti, chupi za hariri, bili za simu, mikanda yenye almasi aliyowagawia marafiki, hela zilizotumwa Miami kwa Western Union. Halafu akakuta kabatini madaftari ya hesabu ya kamari ambayo polisi waliyakamata 1926 na kuyasahau. Akamtafuta mhasibu aliyeyaandika, Leslie Shumway, akampata Miami. Akampata na keshia, Fred Ries. Wote wakafichwa mpaka siku ya ushahidi.

Halafu kuna kituko ambacho mpaka leo mawakili wa kodi wanakisimulia. Mwaka 1930 wakili wa Capone, Lawrence Mattingly, katika kutaka kuyamaliza na idara kwa amani, aliandika barua akikiri kwamba mteja wake alikuwa na kipato na akataja makadirio ya kila mwaka. Alidhani ni mazungumzo ya kuelewana. Serikali ikaichukua barua ikaiweka kwenye faili, baadaye ikasomwa mahakamani kama ushahidi. Umelipa wakili, wakili kakufunga.

Februari 1931 ile kesi ya ED ikaamuliwa. Jaji James Wilkerson akampa miezi 6 kwa kudharau mahakama. Capone akakata rufaa na akabaki nje kwa dhamana. Kumbuka jina la huyo jaji.

Machi 1931 baraza likamfungulia shtaka la siri kuhusu kodi ya 1924, siri kwa sababu muda wa kushtaki ulikuwa unakwisha na mashahidi walikuwa bado hawajakusanywa wote. Tarehe 5 Juni yakaja mashtaka 22 kuhusu miaka ya 1925 mpaka 1929. Kodi iliyodaiwa ilikuwa zaidi ya dola 215,000. Capone akajisalimisha, dhamana ikapangwa dola 50,000. Mara kumi ya ile ya kwanza! Akatoa, akatoka tena. Wiki moja baadaye akashtakiwa na wenzake 68 kwa maelfu ya makosa ya pombe. Bado akabaki nje, analala hotelini Lexington, anatabasamu kwa waandishi wa habari.

Kwa nini alikuwa anatabasamu? Kwa sababu dili lilikuwa limechongwa. Mawakili wake na mwendesha mashtaka George Johnson walikubaliana akiri makosa, ale miaka miwili na nusu. Tarehe 16 Juni akakiri. Kwa mtu aliyeona kaka yake Ralph na mhasibu wa genge Jack Guzik wakipigwa mvua kwa kodi kabla yake, miaka miwili na nusu ilikuwa zawadi. Kosa lake ni kwamba akatangaza. Magazeti yakaandika hukumu kabla jaji hajahukumu.

Tarehe 30 Julai Wilkerson akaweka wazi kwamba mahakama yake haifungwi na mapatano ya watu wengine. Chumba kizima kikapigwa na butwaa. Capone akaruhusiwa kufuta kukiri kwake, kesi ikapangwa kusikilizwa Oktoba. Ona jinsi mambo yalivyogeuka. Mtu aliyekuwa anajua atafungwa miaka miwili hana sababu ya kukimbia. Mtu yule yule akijua anaweza kula miaka thelathini, rehani ya dola 50,000 inaonekana ndogo. Kisheria hapo serikali ingeweza kabisa kuomba dhamana ikazwe. Lakini jamaa aliachwa nje, na kusema ukweli wake hakutoroka. Siku zote za kesi alikuja mwenyewe, kavaa suti za rangi ya haradali na kijani. Hilo lazima tumpe.

Kesi ilianza wiki ya kwanza ya Oktoba. Kwa simulizi ya Wilson mwenyewe, alipata tetesi kwamba genge lina orodha ya wazee wa baraza na limeshaanza kugawa mshiko. Akamwambia jaji. Jaji akauchuna. Asubuhi ya kesi akaagiza wazee wote wabadilishwe na wale waliopangwa kwa jaji mwingine wa jengo lile lile. Hela yote ikawa imeliwa bure. Katikati ya kesi, mlinzi wa Capone, Phillip D'Andrea, akakutwa na bastola ndani ya chumba cha mahakama! Akala miezi 6 ya kudharau mahakama. Jiulize jaji anayetazama haya yote, ED feki, wazee wa baraza kuhongwa, bastola nyuma ya mgongo wa mshtakiwa, atakuwa na moyo gani siku akiombwa dhamana.

Usiku wa tarehe 17 Oktoba 1931 wazee wakarudi. Kati ya makosa 23 walimtia hatiani kwa matano: kukwepa kodi ya 1925, 1926 na 1927, na kutopeleka fomu 1928 na 1929. Tarehe 24 Oktoba Wilkerson akasoma adhabu. Miaka 11, faini dola 50,000, gharama za kesi dola 7,692. Hakuna mkwepa kodi aliyekuwa amewahi kupigwa mvua nzito namna ile. Mawakili Ahern na Fink wakasimama kuomba kile kilichokuwa cha kawaida kwa matajiri wengine: rufaa inaendelea, mteja wetu abaki nje kwa dhamana kama zamani.

Akakataa. Dhamana imefutwa. Mtu aliyeingia asubuhi na gari lake akatoka akiwa mikononi mwa askari kuelekea gereza la wilaya ya Cook.

Hapa watu wanabishana mpaka leo, na mimi nina langu. Kabla ya hukumu wewe bado unahesabiwa huna hatia, na enzi hizo dhamana ilikuwa haki yako kwa kesi kama hii. Baada ya kutiwa hatiani, inakuwa hiari ya jaji. Kwa hiyo kisheria Wilkerson hakuvunja kitu. Lakini kipimo kinatakiwa kiwe ni kama mtu atakimbia, na Capone alikuwa amefika mahakamani kila alipotakiwa kwa kesi hii. Nadhani jaji hakuwa anapima kukimbia. Alikuwa anawapima mashahidi kama Shumway na Ries, ambao wangeishi vipi na jamaa yuko mtaani anasubiri rufaa miezi sita? Hapo namwelewa. Ila tusidanganyane kwamba ilikuwa ni kodi peke yake. Wale 7 wa gereji walikuwa kwenye chumba kile pia, ingawa hakuna aliyewataja kwenye hati ya mashtaka.

Ndani ya gereza la Cook, Capone bado aliishi kibosi, mpaka magazeti yakaanza kupiga kelele kuhusu wageni na starehe alizokuwa akipata. Halafu likatokea jambo. Tarehe 1 Machi 1932 mtoto wa rubani maarufu Charles Lindbergh aliibiwa kitandani. Nchi nzima ikalia. Capone akaona mwanya: akatangaza zawadi ya dola 10,000 na akasema akiachiwa, hata kwa kulindwa na maafisa, atamtafuta mtoto kwa kutumia watu wake. Lilikuwa ombi la dhamana lililovaa nguo ya huruma. Lindbergh akamuuliza Irey, yule yule bosi wa wapelelezi wa kodi. Irey akamwambia Capone anachotaka ni kutoka tu. Mlango ukabaki umefungwa.

Mahakama ya rufaa ilikuwa imeshamkatalia mwishoni mwa Februari, na tarehe 2 Mei Mahakama Kuu ikakataa hata kusikiliza. Siku chache baadaye akapandishwa treni kwenda Atlanta. Agosti 1934 akahamishiwa Alcatraz, kisiwa ambako hela yake haikununua kitu. Alivaa namba 85. Kaswende aliyoipata ujanani na kutoitibu ikapanda kichwani, mpaka mwisho akawa anachanganyikiwa gerezani. Novemba 1939 akaachiwa.

Alirudi kwenye jumba la Palm kwa mke wake Mae. Madaktari waliompima walisema akili yake ilikuwa kama ya mtoto wa miaka 12. Alivua samaki, alicheza karata, aliongea na watu ambao hawakuwepo. Alikufa hapo tarehe 25 Januari 1947, akiwa na miaka 48. Walimzika Chicago, na 1950 familia ikahamishia mabaki yake makaburi ya Mount Carmel. Lile jumba lililoandikwa kwa jina la mke ili wakusanya kodi wasilione lilidumu miaka mingi kuliko wote, likapita mikononi mwa wamiliki kadhaa, mpaka lilipobomolewa mwaka 2023.